Amekiri Mwenyewe, Sasa Mahakama Inakataa Nini?

Mwaka 1783, mjini London, mwanamke aitwaye Jane Warickshall alifikishwa kizimbani akishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Alikuwa amekwisha kukiri, lakini alikiri baada ya kuahidiwa kwamba akisema atapewa nafuu. Kutokana na maneno yake watu walikwenda alikokuwa akiishi, wakapekua kitanda, na mali ikakutwa imefichwa humo. Upande wa utetezi ukaleta hoja iliyoonekana nyoofu kabisa: kama ungamo lilipatikana kwa njia isiyofaa, basi na kilichopatikana kwa sababu ya ungamo hilo kitupwe pamoja nalo. Majaji wakaikubali nusu. Maneno ya Jane yakakataliwa. Mali iliyotoka kitandani ikapokelewa.

Wanaosimuliwa kisa hiki huwa wanakasirika kwa namna mbili. Mmoja atasema: mali imekutwa palepale alipotaja, unataka ushahidi gani tena kwamba alisema kweli? Mwingine atasema: kama ahadi ile ilikuwa mbaya, mbona matunda yake yameliwa? Wote wawili wana hoja. Imepita zaidi ya miaka 240 na ugomvi wao bado unasikika mahakamani karibu kila siku. Mimi naona haujaisha kwa sababu tunauzungumza kana kwamba kuna kanuni moja tu ya kukataa maungamo, ilhali ziko tatu. Zinatumia maneno yaleyale, "kwa hiari", "bila shuruti", "kwa haki", ila kila moja inalinda kitu chake. Siku zikigongana ndipo hukumu huanza kuonekana za ajabu.

Mlango kwanza, mizani baadaye

Kabla ya kuzifikia hizo tatu kuna fundo dogo la kufungua. Ushahidi huulizwa maswali mawili kwa nyakati tofauti. Kwanza, je, unaruhusiwa kusikilizwa hata kidogo? Hiyo ndiyo habari ya kupokelewa. Pili, ukishapokelewa, una uzito gani? Shahidi aliyeona kwa mbali, usiku, bila miwani, atapokelewa, kisha maneno yake yatapimwa na kuonekana mepesi. Ungamo lililochumwa kwa kipigo halifiki hata kwenye mizani.

Mlango huo wa kwanza hulindwa kwa utaratibu ambao katika Kiswahili cha mahakamani huitwa kesi ndani ya kesi. Upande wa mashtaka unaomba maelezo ya mshtakiwa yapokelewe kama kielelezo. Wakili wa utetezi anasimama: mteja wangu aliyasaini kwa kutishwa. Shauri kuu linasimama papo hapo. Penye juri, yaani raia walioitwa kuamua hatia, wanatolewa nje ili wasisikie. Mpelelezi anapanda kizimbani na kubanwa kwa maswali yanayoonekana madogo: mtuhumiwa alikamatwa saa ngapi, maelezo yalianza kuandikwa saa ngapi, nani alikuwemo chumbani, alikula nini, alilala wapi? Mshtakiwa naye anaweza kutoa ushahidi kuhusu suala hilo peke yake bila kugusa kosa lenyewe. Kisha jaji anatoa uamuzi mdogo na shauri linaendelea, ama na kielelezo ama bila.

Wengi hukosea juu ya mzigo wa kuthibitisha. Husikika watu wakisema, "athibitishe basi kwamba alipigwa." Mtu aliyekuwa peke yake chumbani na waliompiga atathibitisha kwa nini? Ndiyo maana Uingereza, na nchi nyingi zilizorithi sheria zake, mshtakiwa akishalalamika ni upande wa mashtaka unaobebeshwa mzigo wa kuonyesha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba maelezo yalitoka kwa hiari. Marekani kiwango ni cha chini zaidi: tangu uamuzi wa Lego dhidi ya Twomey wa mwaka 1972, inatosha kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi wa hiari kuliko wa shuruti.

Humo ndani ya kesi ndogo kuna swali moja ambalo mwendesha mashtaka amekatazwa kuuliza, nalo ndilo kila mtu anatamani liulizwe: "Lakini ulichosema ni kweli au si kweli?" Baraza la Privy, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni ya Uingereza, lililizuia mwaka 1978 katika rufaa ya Wong Kam-ming kutoka Hong Kong. Kinachochunguzwa pale ni jinsi maneno yalivyopatikana, na ukweli wake una wakati wake. Liweke akilini hilo, kwa maana linaonyesha kwamba hofu ya uongo haiwezi kuwa sababu pekee ya kanuni hii.

Nikiri nami wasiwasi wangu. Penye juri utaratibu huu una mantiki. Pale ambapo jaji au hakimu huamua peke yake, ndiye anayesikia ungamo, analikataa, kisha anatakiwa kuendelea kana kwamba hakulisikia. Wanasheria husema amefunzwa kufanya hivyo. Sikio halina mfuniko.

Hofu ya uongo

Sababu ya kwanza ndiyo waliyoitaja majaji wa Warickshall: ungamo lililosukumwa na tumaini la kubembelezwa au kwa mateso ya hofu linakuja na sura ya kutiliwa mashaka kiasi kwamba halistahili kuaminiwa. Watu walijua hili zamani sana. Katika fikihi ya Kiislamu ikrari ya aliyelazimishwa ni batili kwa wanazuoni walio wengi, na katika makosa ya hudud, yaani yale yenye adhabu iliyowekwa na dini, mtu akirudi nyuma baada ya kukiri, ikrari yake haitoshi tena kumwadhibu. Sheria ya Kiyahudi ya kale ilikwenda mbali zaidi: katika mashauri ya jinai mtu hakuweza kabisa kujitia hatiani kwa kinywa chake, sharti mashahidi.

Ulaya bara, kwa upande wake, ililiita ungamo malkia wa ushahidi, na ili malkia apatikane sheria iliruhusu kutesa. Ajabu ni kwamba waliotunga sheria hizo walijua vizuri udhaifu wake. Sheria ya jinai ya Kaisari Karl wa Tano ya mwaka 1532, maarufu kama Carolina, ilitaka aliyekiri chini ya mateso ayarudie maneno yake baadaye akiwa nje ya mateso, na pia ilitaka yachunguzwe mambo ambayo asiye na hatia asingeweza kuyajua. Ulinzi mzuri, ila ulikuwa na tundu: akiyakana, angeweza kurudishwa kwenye mateso. Mwanafikra wa Italia, Cesare Beccaria, alipoandika mwaka 1764 alilisema waziwazi: njia hii humwachilia mhalifu mwenye misuli na kumtia hatiani mnyonge asiye na kosa.

Mtu aliyekaa nyumbani kwake, ameshiba, hujiuliza ni nani mwenye akili timamu atakayekiri mauaji ambayo hakuyafanya. Swali hilo linasahau jinsi muda unavyofanya kazi ndani ya chumba cha mahojiano. Adhabu ya mahakama iko mbali, miezi au miaka mbele, na asiye na hatia huamini kwamba ukweli utajitokeza tu huko. Maumivu, usingizi, kiu ya kutoka mlango ule, viko hapa, dakika hii. Akipima, kusaini kunaonekana ndiyo njia ya kununua nafasi ya kupumua. Kutokuwa na hatia, kitu ambacho kingemlinda, ndiko kunakomponza.

Iwao Hakamada alikamatwa nchini Japani mwaka 1966 kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja. Alihojiwa kwa takriban siku 20, saa nyingi kila siku, akakiri, kisha akayakana maelezo yake mahakamani. Mwaka 1968 alihukumiwa kifo. Katiba ya Japani ya baada ya vita tayari ilikuwa na kifungu cha 38, kinachokataza kupokea ungamo la shuruti au lililotolewa baada ya kuzuiliwa muda mrefu, na kinachosema mtu asitiwe hatiani kwa ungamo lake peke yake. Maandishi yalikuwepo, mtu akakaa miongo kadhaa akingoja kunyongwa. Alitolewa gerezani mwaka 2014, na Septemba 2024, akiwa na miaka 88, mahakama ya wilaya ya Shizuoka ikamwona hana hatia. Ilisema kumbukumbu ya maelezo yake ya kukiri ilipatikana kwa kumtesa mwili na akili, ikaihesabu miongoni mwa ushahidi wa kubuniwa.

Linalowashangaza majaji mara nyingi ni utajiri wa maelezo hayo. Ungamo la uongo haliji likiwa limepauka. Lina saa, lina rangi ya nguo, lina mahali kisu kilipotupwa. Jaji hujisemea: angeyajuaje haya kama hakuwepo? Jibu la kuchosha ni kwamba aliambiwa. Mpelelezi anayeuliza "ulimpiga kwa kitu gani, si kile chuma?" amekwishatoa jibu ndani ya swali. Akionyesha picha ya eneo la tukio ametoa zaidi. Baada ya saa kumi, hata mpelelezi mwaminifu hawezi kukumbuka ni nani aliyetaja nini kwanza. Vijana watano wa umri wa kati ya miaka 14 na 16 walihojiwa kuhusu shambulio katika bustani ya Central Park mjini New York mwaka 1989. Wanne kati yao walirekodiwa kwenye video wakijieleza. Hadithi zao zilipingana juu ya mahali, wakati na nani alifanya nini, lakini video ile ilikuwa na nguvu kuliko kupingana kwake. Mwaka 2002 mtu mwingine, Matias Reyes, alijitokeza akasema alifanya peke yake, na DNA ikakubaliana naye. Hukumu za vijana wote watano zikafutwa.

Kinywa ni cha mwenyewe

Sababu ya pili haihusu ukweli kabisa. Inasema hivi: dola inapomshtaki mtu, ni kazi ya dola kutafuta ushahidi, na haina ruhusa ya kumgeuza mshtakiwa kuwa shahidi dhidi ya nafsi yake. Katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 limeandikwa katika ibara ya 14: mtu asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe au kukiri hatia.

Mwaka huohuo wa 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua shauri la Ernesto Miranda. Alikuwa amehojiwa na polisi wa Phoenix kwa takriban saa mbili, akasaini maelezo. Hakupigwa, na maelezo yake hayakuonekana kuwa ya uongo. Kasoro ilikuwa kwamba hakuna aliyemwambia anaweza kunyamaza wala kwamba anaweza kuwa na wakili. Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa lile onyo ambalo leo hata watoto wanalijua kwa kutazama filamu. Wapinzani walilia kwamba wahalifu watatoka kwa wingi. Miranda mwenyewe hakutoka: alishtakiwa upya mwaka 1967 bila maelezo yale, na akatiwa hatiani kwa ushahidi mwingine, ukiwemo wa mwanamke aliyewahi kuishi naye ambaye alimwambia alichofanya.

Ulaya ilifika mahali pa jirani kwa njia yake. Katika shauri la Salduz dhidi ya Uturuki la mwaka 2008, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba, isipokuwa kwa sababu nzito, mtuhumiwa awe na wakili tangu mahojiano ya kwanza ya polisi, na kwamba maelezo aliyoyatoa bila wakili yakitumika kumtia hatiani haki ya utetezi huwa imeharibika. Unaona tofauti na sababu ya kwanza? Hapa mshtakiwa hahitaji hata kudai kwamba aliogopa.

Mikono ya mahakama

Sababu ya tatu ni kuhusu jaji mwenyewe. Mississippi, mwishoni mwa Machi 1934, mkulima mzungu aliuawa. Wanaume watatu weusi, vibarua wa mashambani, walikamatwa. Mmoja alitundikwa mtini kwa kamba, akashushwa, akatundikwa tena, kisha akachapwa. Wengine wawili walivuliwa nguo na kuchapwa kwa mkanda wenye vyuma hadi waseme kile walichotakiwa kusema, na walisahihishwa kila walipokosea. Wiki moja baada ya mauaji walikuwa wamekwishahukumiwa kifo. Alama ya kamba ilikuwa bado inaonekana shingoni mwa mmoja wao siku ya kesi. Naibu wa mkuu wa polisi aliulizwa kuhusu kipigo, akakubali bila haya. Na bado mahakama ya juu ya jimbo iliona hukumu ni sawa, ikishikilia makosa ya wakili katika kupinga.

Mwaka 1936, katika Brown dhidi ya Mississippi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizifuta hukumu hizo kwa kauli moja. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aliandika kwamba chumba cha mateso hakiwezi kuchukua nafasi ya kizimba cha shahidi. Tazama kilichokuwa kinamuudhi. Uongo ulimuudhi, bila shaka. Lakini zaidi ya hapo, kesi nzima ilikuwa maigizo: kipigo ndicho kilichotoa hukumu, mahakama ikabaki kugonga muhuri. Jaji anayepokea maneno hayo anakuwa mshiriki wa waliopiga.

Jaji Felix Frankfurter aliliweka wazi mwaka 1961 katika Rogers dhidi ya Richmond. Msaidizi wa mkuu wa polisi alikuwa amejifanya anapiga simu ili mke wa mtuhumiwa aletwe ahojiwe. Mahakama za chini zilipima kama mbinu hiyo ingeweza kuzaa uongo, zikaona hapana. Frankfurter akasema wamepima kitu kisichotakiwa: maungamo ya shuruti hukataliwa kwa sababu njia iliyoyapata inakiuka msingi wa haki ya jinai, hata pale yanapoelekea kuwa kweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso wa mwaka 1984, ibara ya 15, umeikaza hoja hiyo: maelezo yaliyopatikana kwa mateso yasitumike kama ushahidi katika shauri lolote, isipokuwa dhidi ya mtesaji, kuthibitisha kwamba yalitolewa.

Ukiwa na sababu hizi tatu mkononi, sheria za nchi mbalimbali zinaanza kusomeka. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inasema ungamo lisikataliwe kwa ajili ya ahadi au tishio isipokuwa mahakama ione kwamba kishawishi hicho kilielekea kuzaa kukiri kusiko kweli. Hiyo ni sababu ya kwanza ikitawala. Sheria ya Uingereza ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, kifungu cha 76, inakataza ungamo lililopatikana kwa ukandamizaji, au kutokana na jambo lililoelekea kulifanya lisitegemeke, na inaongeza maneno machache mazito: hata kama huenda ni la kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(4), inaacha neno ungamo kabisa na kusema ushahidi wowote uliopatikana kwa kuvunja haki iliyomo katika Sheria ya Haki utaondolewa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Hapo sababu ya tatu imepewa usukani.

Tunarudi kitandani kwa Jane

Sasa ile mali. Kwa sababu ya kwanza jibu la mwaka 1783 halina tatizo: maneno yanaweza kupinda kwa kipigo, lakini kitu kilichofichwa kitandani hakibadiliki umbo kwa sababu mtu alitishwa. India iliijenga hoja hiyo ndani ya sheria. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872, iliyoandikwa na watawala wasiowaamini polisi wao wenyewe, ilikataza ungamo lolote lililotolewa kwa polisi, la hiari au la shuruti, kisha katika kifungu cha 27 ikafungua kidirisha: sehemu ya maelezo iliyosababisha kitu kugunduliwa inaweza kupokelewa. Katika miaka ya 1940 Baraza la Privy, kwenye shauri la Pulukuri Kottaya, lilikipunguza kidirisha hicho kwa kisu chembamba sana. Mtu akisema "nimekificha kisu ambacho nilimchoma nacho fulani", maneno ya kukificha yanaingia, maneno ya kumchoma yanabaki nje. Sentensi moja inakatwa katikati. Hatari yake kila wakili wa jinai anaijua: polisi akishajua kwamba kitu kikipatikana maneno yanapokelewa, ana sababu ya kukitafuta kitu hicho kwa njia yoyote, au hata kukipeleka mwenyewe.

Kwa vitu vyenyewe Waingereza walikuwa wakali zaidi kwa mshtakiwa. Mwaka 1955 Baraza la Privy lilisikiliza rufaa ya Kuruma, mtu aliyekutwa na risasi mbili nchini Kenya wakati wa hali ya hatari, katika upekuzi uliofanywa na maofisa wasio na cheo cha kupekua. Adhabu ilikuwa kifo. Lord Goddard alisema kama ushahidi unahusika na suala lililopo, mahakama haijali ulipatikanaje, ingawa jaji anabaki na hiari ya kuuzuia ukimwonea mshtakiwa. Alikuwa mwangalifu kuongeza kwamba maungamo yana kanuni yao. Mantiki ni ileile ya kitanda.

Lakini ukishika sababu ya tatu, jibu linageuka. Afrika Kusini, mwaka 2008, katika shauri la Mthembu, mshirika wa mshtakiwa alikuwa ameteswa na polisi, na kutokana na mateso hayo yakapatikana gari aina ya Hilux na sanduku la chuma. Vitu halisi, visivyosema uongo. Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ilivikataa pamoja na maneno, ikisema kuvipokea kungeichafua mahakama yenyewe. Ni swali la Jane Warickshall tena, miaka 225 baadaye, likajibiwa kinyume.

Shauri gumu kuliko yote ninayoyafahamu ni la Gäfgen dhidi ya Ujerumani. Mwaka 2002, Frankfurt, mwanafunzi wa sheria alimteka mtoto wa miaka 11 na kudai fedha. Alikamatwa baada ya kuchukua fedha hizo. Polisi waliamini mtoto yuko hai mahali fulani, anaishiwa muda. Naibu mkuu wa polisi wa jiji akaagiza atishiwe maumivu makali. Ndani ya dakika kama kumi akasema. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Mahakama ya Ujerumani ilitupa maelezo yote aliyoyatoa kwa polisi, kwa kuwa kifungu cha 136a cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinakataza vitisho na hata kinamnyima mtuhumiwa uwezo wa kukubali maneno ya namna hiyo yatumike. Ila mwili na alama za magurudumu karibu na ziwa vilipokelewa. Mahakamani akakiri tena, safari hii akiwa na wakili na baada ya kuambiwa kwamba maneno ya kwanza hayatatumika. Akafungwa maisha. Mwaka 2010 majaji wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walisema mambo mawili ambayo wengi wanaona hayakai pamoja: tishio lile lilikuwa unyanyasaji wa kinyama uliokatazwa bila udhuru wowote, hata wa kuokoa maisha, na kesi ilikuwa ya haki, kwa sababu hatia ilisimama juu ya ungamo la pili, na mnyororo kati ya tishio na hukumu ulikuwa umekatika.

Nakubaliana na nusu ya kwanza bila kusita. Nusu ya pili inanisumbua. Mtu ambaye mwili umekwishawekwa mezani pamoja na alama za magurudumu yake, ana hiari gani iliyobaki ya kunyamaza? Mahakama ilitegemea kauli yake kwamba alikiri kwa majuto. Huenda. Marekani, kwa tatizo la jirani na hili, Mahakama yake ya Juu iliwashtukia polisi mwaka 2004 katika Missouri dhidi ya Seibert: walikuwa wakihoji kwanza bila onyo, wakishapata ungamo wanatoa onyo, kisha wanamwomba mtu arudie. Mbinu hiyo iliyopangwa ilikataliwa.

Ujanja je?

Hapa mataifa yanaachana njia kabisa. Mwaka 1969, katika Frazier dhidi ya Cupp, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali ungamo ingawa polisi walimdanganya mtuhumiwa kwamba binamu yake ameshakiri. Uongo huo bado unatumika huko kwa watu wazima, japo baadhi ya majimbo, Illinois likitangulia mwaka 2021, yameuzuia kwa watoto. Ujerumani udanganyifu umo kwenye orodha ileile ya kifungu cha 136a pamoja na kipigo, uchovu na hipnosisi. Uingereza iko katikati: mwaka 1987, katika shauri la Mason, polisi walimwambia mtuhumiwa na wakili wake kwamba alama ya kidole chake imeonekana kwenye kipande cha chupa. Haikuwepo. Ungamo likatupwa, na nadhani kilichowaudhi zaidi majaji ni kwamba wakili ndiye aliyedanganywa, naye akamshauri mteja wake juu ya uongo. Mwaka huohuo, katika Fulling, mwanamke alidai aliambiwa mahabusu kwamba mpenzi wake ana mwingine na kwamba huyo mwingine yuko chumba cha jirani. Akakiri kwa uchungu wa kutaka kuondoka pale. Mahakama ikasema huo si ukandamizaji.

Kisha kuna anayekiri akaja kuruka maneno yake. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika Tuwamoi dhidi ya Uganda mwaka 1967, ilitenganisha mawili: anayesema "sikuyasema kabisa" na anayesema "niliyasema ila si kwa hiari". Kwa wote wawili mahakama ijionye, itafute ushahidi wa kuunga mkono, ingawa inaweza kutia hatiani bila huo ikiridhika kwamba ungamo ni kweli. Kivitendo, hakimu aliyebanwa na mafaili huyatamka maneno ya kujionya kama sala ya kukariri, kisha anaendelea.

Chumba chenyewe

Kanuni zote hizi huja baada ya tukio, mwaka au miwili baadaye, zikijaribu kukisia kilichopita ndani ya chumba kisicho na shahidi. Ndiyo maana sheria za karibuni zimehamia chumbani. Kenya ilikata shauri kwamba ungamo lisitolewe mbele ya mpelelezi wa kesi hiyo: litolewe kwa jaji, hakimu au ofisa mwingine wa polisi mwenye cheo kilichotajwa, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Uingereza iliweka mkazo kwenye wakili na kinasa sauti.

Vyote viwili vilikuwepo Cardiff mwaka 1988, baada ya Lynette White kuuawa. Stephen Miller alihojiwa kwa takriban saa 13 katika siku tano, na kanda 19 zikajaa. Alikana kuhusika zaidi ya mara 300. Wakili wake alikuwa amekaa kando yake muda mwingi wa mahojiano hayo, kimya. Mwishowe Miller akasema walichotaka, na yeye na wenzake wawili wakafungwa maisha. Desemba 1992 Mahakama ya Rufaa iliisikiliza kanda ya 7. Lord Taylor alisema majaji walitishika na walichokisikia: maswali hayakuulizwa, yalipigiwa kelele, na ukiondoa kipigo cha mwili ni vigumu kufikiria namna ya uhasama na vitisho iliyo zaidi ya ile. Hukumu zikafutwa. Mwaka 2003 muuaji, Jeffrey Gafoor, akakiri mahakamani baada ya DNA kumfikia. Kanda ya 7 ilikuwa na sauti zile tangu mwanzo. Kwenye karatasi zilisomeka kama maswali na majibu.